Kuopoa Si Kuokoa

Kuna hesabu moja watu wa Mombasa tunaijua kwa kichwa: siku 13. Muulize yeyote wa rika langu kuhusu lile gari la Likoni. Mwaka anaweza kusahau, jina la feri anaweza kusahau, lakini siku 13 atakutajia. Mama na binti yake wa miaka minne. Jumapili jioni, Septemba 29, 2019, ndani ya MV Harambee, gari likarudi nyuma, likapita mlango wa feri, likaingia majini. Wakatolewa Ijumaa, Oktoba 11.

Majina yao siandiki. Yalitajwa sana wakati ule, na mengi yaliyotajwa pamoja nayo hayakuwa na adabu. Nitafika huko.

Mimi leo sitaki kuhesabu siku. Nataka tuhesabu dakika.

Wakati ule nilikuwa darasa la nane, KCPE iko mlangoni, na wallahi darasani kwetu hakuna aliyekuwa anasoma. Kila asubuhi ni "wametolewa?" "Bado." Nyumbani hapa Kibokoni redio haikuzimwa. Nyanyangu akimaliza kuswali anakaa na tasbihi yake kusikiliza msemaji wa serikali akieleza leo wametafuta wapi, kesho watatafuta wapi, mkondo una nguvu, chini ni giza, kamera haioni kitu. Kulikuwa na Jeshi la Wanamaji, Mamlaka ya Bandari, Shirika la Feri, wapiga mbizi wa kibinafsi, wengine wametoka Afrika Kusini. Gari likapatikana kwenye kina cha mita 58. Na hili nalisema mapema kwa sababu mtandaoni tunapenda kutukana kwanza kisha kufikiria: ile kazi ilikuwa ngumu na ya hatari, na waliozama kuifanya waliifanya. Mita 58 chini, maji yanakimbia, juu yako ni njia ya meli kubwa. Si kuogelea Mlango wa Papa. Mimi na wale wapiga mbizi sina neno.

Lakini hebu tazama maneno mawili ya Kiswahili chetu. Kuokoa. Kuopoa. Tofauti yake ni herufi moja tu. Unaokoa aliye hai. Kuopoa ni kutoa majini kilichokwisha kuzama. Kwa siku 13 nchi nzima ilikaa inatazama kuopoa, na serikali tukaihukumu kwa kuopoa: mmechelewa, vifaa hamna, mbona mpaka wageni waje. Hasira zote zikaenda huko. Kazi ya kuokoa ilikuwa na muda wake, na muda wenyewe uliisha jioni ileile ya Jumapili. Huo ndio haukuitiwa wanahabari kila siku ukaelezwa.

Ile video mnaijua. Siiweki hapa na kama hujaiona usiitafute, hakuna utakachofaidi. Gari linateleza, linaingia kwa nyuma, linaelea kidogo, watu wanapiga mayowe, kisha basi. Watu wengi kilichowabaki ni yale mayowe. Mimi nilichokitafuta ndani ya ile video ni kamba. Boya. Boti inayokata maji kuja. Mtu mmoja mwenye sare anayekimbia kuelekea mahali fulani kama mtu anayejua anakwenda kufanya nini. Sikuviona. Niliona simu.

Na wenye simu siwalaumu sana, kusema kweli. Unafikiri abiria wa kawaida, ametoka kazini, ana mfuko wa mkate mkononi, afanye nini? Aruke? Pale mkondoni hata waogeleaji wetu wa huku Mji wa Kale, wale vijana wanaojirusha kutoka ukutani kule Forodhani kama samaki, hawawezi kuruka wakiwa na akili zao. Abiria alikuwa amelipiwa kuvushwa, hakuandikwa kazi ya kuokoa. Swali ni nani aliyeandikwa.

Ngoja nieleze kitu kidogo kuhusu gari na maji, maana kinaweza kukusaidia hata wewe. Gari la kawaida likitumbukia halizami papo hapo kama jiwe. Lina hewa ndani, linaelea, dakika moja, pengine mbili, inategemea. Huo ndio muda wa kutoka. Maji yakishapanda ubavuni, mlango haufunguki tena, maji ya nje yanausukuma kwa ndani kuliko nguvu za mtu yeyote. Kwa hivyo unaambiwa: mkanda fungua, kioo shusha, mtoto mtoe kwanza, kisha wewe. Mlango usiuguse. Sasa fikiria mtu yuko peke yake na mtoto wa miaka minne, hajategemea kabisa, gari linakwenda kinyumenyume. Dakika moja hiyo ni ndogo sana kwake. Lakini kwa boti iliyo na watu, injini inawaka, iko majini pale pale kivukoni kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake tangu asubuhi, dakika moja au mbili si ndogo. Boti hiyo ingebeba nyundo ya kuvunjia kioo na kisu cha kukatia mkanda. Vitu vya bei ya viatu.

Kivuko cha Likoni wakati ule kilikuwa kikitajwa kuvusha watu kama 300,000 na magari kama 6,000 kwa siku. Kwa siku! Haya, hesabu mwenyewe. Hata kama gari moja tu katika kila milioni litarudi nyuma, siku yake itafika. Ajali ile haikuwa jambo la kustaajabisha hivyo. Ilikuwa jambo la kungojewa, na kitu kinachongojewa hupangiwa mtu wa kukipokea.

Halafu kuna hili, ambalo kila nikilifikiria nachoka. Novemba 19, 2018, Rais Uhuru Kenyatta alikuja Mombasa kuzindua Huduma ya Walinzi wa Pwani ya Kenya. Alizindua wapi? Liwatoni. Liwatoni ni hapa hapa kisiwani, upande uleule wa maji ya Kilindini, si mbali na kivuko. Sheria iliyoanzisha huduma ile, ya mwaka 2018, imeweka utafutaji na uokoaji miongoni mwa kazi zake. Toka siku ya uzinduzi mpaka siku gari linaanguka ni miezi kumi na siku kumi. Yaani bendera zilishapepea, hotuba zilishasomwa, picha zilishapigwa, uokoaji baharini ulikuwa na jina na sheria. Kilichokosekana ni uokoaji wenyewe kuwepo Likoni saa kumi na mbili jioni.

Wazee wetu hawa habari za feri hawakuzianza 2019. Nyanyangu ukimtajia Mtongwe hubadilisha mazungumzo. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwa imejaza kupita kiasi, inawaleta watu kisiwani makazini, na watu 272 wakafa karibu kabisa na ufuo waliotoka. Si baharini mbali, karibu na ufuo. Sisi tuliozaliwa baadaye tunaisikia kama hadithi, lakini kuna nyumba Mtongwe na Likoni ambazo hadi leo zinasoma hitima ya siku moja. Nilipojua tarehe zote mbili ni 29 nilikaa kimya kidogo. Haina maana yoyote, najua. Miaka 25 katikati ndiyo yenye maana.

Sasa nirudi kwa ile adabu niliyoisema.

Unakumbuka mtandao ulivyokuwa wiki ile? Nusu ya watu walikuwa wanamlilia mama, nusu nyingine wanamfanyia mtihani wa udereva. Mbona hakufunga handibreki. Mbona alikaa ndani ya gari. Mbona alipaki mwisho. Mbona hakuruka. Kulikuwa na watu, tena watu wazima wenye watoto, wanaandika "mimi ningekuwa mimi" kana kwamba wamewahi kuwa yeye. Na maiti bado wako chini ya maji. Mume wa mtu, baba wa mtoto, amesimama ufuoni anangoja, na simu anayo, na kusoma anajua.

Tuseme, kwa ajili ya ubishi tu, handibreki haikufungwa. Sawa. Ni mara ngapi kwa siku, katika magari 6,000, dereva mmoja amechoka, amesahau, gari lake bovu, kebo imekatika? Mlango wa feri, ule mchuma mkubwa unaoshuka kuwa daraja la kupandia, ukiinuliwa unakuwa ukuta. Kazi ya ukuta ni kushika kile ambacho binadamu amekisahau. Siku ile haukushika. Mtu mmoja akikosea na akafa yeye na mtoto wake, ujue hakukosea peke yake. Wengine wote waliokosea kabla yake, wa vifaa, wa ukaguzi, wa bajeti, wa ratiba, hawakuwa ndani ya gari.

Ndiyo maana kumlaumu mama kulikuwa kutamu. Mama hawezi kujibu. Mama hana wakili, hana msemaji, hataandika taarifa ya kukanusha. Ukimshika yeye, faili limefungwa, tunaendelea na maisha.

Nikupeleke nyumbani kidogo, Mji wa Kale. Huku kwetu mtoto akipotea kuna utaratibu, ingawa hakuna aliyewahi kuuandika. Mwaka jana, mtaa wa nyuma yetu, mtoto wa miaka mitano alitoka kununua barafu ya ukwaju hakurudi. Mamake alipiga ukelele mmoja tu pale barazani. Haikupita dakika kumi, mimi nilikuwa juu darini nikasikia kipaza sauti cha mskiti kinakohoa, na si wakati wa adhana: "Mwana kapotea, kavaa kanzu ya kijani, mwenye kumuona amlete mskitini." Mara mbili. Kisha mskiti wa mtaa wa pili ukachukua, kisha wa tatu. Wanaume wa kahawa wakaacha vikombe wakashika vichochoro, huyu wa Ndia Kuu, yule mpaka Mkanyageni. Vijana wakateremka moja kwa moja majini, kwa sababu huku mtoto akipotea unaanza na bahari, nyumba unazifuata baadaye. Mvuvi mmoja akasukuma mashua yake bila kuulizwa. Mabibi wakaanza kupiga hodi mlango kwa mlango, jikoni, uvunguni, kwenye ngazi za giza. Mtoto alipatikana Marikiti amekaa kwa muuza madafu, anakula dafu la bure, hana habari.

Nilichojifunza siku ile si upendo wala umoja, maneno hayo nayasikia kila hotuba. Nilichokiona ni kwamba kila mtu alijua kazi yake kabla mtoto hajapotea. Mwenye ufunguo wa mskiti anajulikana. Mwenye mashua anajulikana. Lau mtoto angezama pale ngazini na hakuna kijana aliyeteremka, jioni ileile mtaa mzima ungejua wa kuulizwa ni nani, na angeulizwa, tena mbele ya babake.

Sasa linganisha na hili. Baba wa mtoto, wakati sisi tunatafuta, alikimbilia kituo kimoja cha polisi hapa kisiwani. Jina la kituo siliweki. Akaambiwa arudi baada ya saa 24, mtoto pengine anacheza. Saa 24! Mtoto wa miaka mitano, kisiwani, maji pande zote. Jamani, nisikilizeni vizuri na mwambieni kila mzazi mnayemjua: hiyo saa 24 haipo. Hakuna sheria ya Kenya inayosema mtoto aliyepotea angojewe siku nzima kabla ya kuripotiwa, na Polisi wenyewe wamelisema hilo hadharani. Unaripoti saa hiyohiyo, unadai namba ya OB, unaondoka nayo mkononi. Namba ya simu ya watoto ni 116, hailipiwi. Kuna shirika la Missing Child Kenya linalotengeneza mabango ya kumtafuta mtoto bila kutoza pesa. Hifadhi hayo kwenye simu kabla hujayahitaji.

Unaona lakini ni ugonjwa uleule? Likoni dakika za kwanza hazikuwa na mwenyewe. Kituoni dakika za kwanza zinaambiwa zirudi kesho.

Na wakati mwingine si dakika, ni wiki. Machi 2023, Paul Mackenzie wa Shakahola, kule Kilifi, alikamatwa kuhusu watoto wawili waliokufa kwa njaa na kuzikwa. Akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Elfu kumi, bei ya simu ya kawaida. Aprili makaburi yakaanza kufukuliwa, miili ikapita 400, na wengi walikuwa watoto. Mashtaka ya kuwatesa watoto yaliletwa hapa hapa kisiwani, mahakama ya Tononoka. Kamati ya Seneti iliandika baadaye kuwa vyombo vya usalama na vya haki vilishindwa kufanya kazi yao. Ukisoma utaona kwamba dalili hazikufichika. Zilifika mezani, zikapigwa muhuri, zikaondoka. Hata huko, kazi kubwa iliyofanyika kwa bidii na vifaa na kamera ni ya kufukua.

Tunajua kufukua. Tunajua kuopoa.

Watu huniambia, sasa unataka nini, mtu afukuzwe? Mkurugenzi akienda nyumbani mtoto atarudi? Hapana, hatarudi, na mimi si mpenzi sana wa fukuza fukuza. Tanzania walipopata msiba wa MV Nyerere kule Ukara, Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wamekufa, Rais Magufuli alivunja bodi ya TEMESA siku chache tu baadaye. Nchi ilipiga makofi. Kufukuza kwa hasira kunapoza moyo, lakini huenda na mtu akaondoka na maelezo yote, ukabaki hujui kilichokosekana ni nini, boya au boti au mtu. Zanzibar mfano wake naupenda zaidi kidogo. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011, tume iliundwa, ikachunguza, na ripoti ikawekwa wazi watu wakaijua. Meli ya Skagit ikazama Julai 2012, kabla mwaka haujapita, na waziri aliyehusika na usafiri, Hamad Masoud Hamad, akajiuzulu mwenyewe. Sisemi Zanzibar ni pepo ya uwajibikaji, ningekuwa mwongo, hizo ni meli mbili ndani ya miezi kumi. Nasema mtu mmoja alisimama akasema, kwa vitendo, hili liko kwenye meza yangu.

Jaribu hapa kwetu. Simama pale kituo cha matatu cha feri, upande wowote, muulize mtu: lile gari la 2019, nani aliwajibika? Nimefanya hivyo na watu kadhaa. Mmoja alinijibu "bahari." Mmoja alisema "Mungu", kisha akastaghfiru. Muuza viazi karai akaniuliza mimi ni wa gazeti gani. Hakuna aliyenitajia binadamu.

Na hata shirika lenyewe tulilokuwa tunalikasirikia halipo tena. Shughuli za feri zilihamishiwa chini ya Mamlaka ya Bandari mwaka 2021. Huenda ni vizuri, Bandari ina pesa na ina mafundi, mimi sipingi. Lakini hasira nayo inahitaji anwani. Ukibadilisha ubao wa mlangoni, yule mwenye barua ya malalamiko anazunguka tu barabarani.

Usiniambie pia kwamba mambo haya huchukua muda mrefu sana. Tumeona serikali ikitaka. Oktoba 20, 2019, siku tisa baada ya miili kutolewa, sherehe za Mashujaa zilifanyika hapa Mombasa, bustani mpya ya Mama Ngina Waterfront, imekarabatiwa kwa shilingi kama milioni 460, inang'aa, viti, taa, nyasi. Ile bustani inatazama wapi? Inatazama mlango uleule wa bahari. Ukikaa pale na mihogo yako ya kukaanga unaziona feri zikipishana kwa mbali. Kisha ikaja korona, msongamano wa kivukoni ukawa hatari, na mwisho wa 2020 daraja la kuelea la waenda kwa miguu lilikuwa limeshajengwa pale Liwatoni kwa karibu shilingi bilioni 1.9. Halikuchukua hata mwaka. Nalitaja kwa wema, nililivuka mimi na binamu zangu tukapiga picha kama watalii. Kwa hivyo uwezo wa kuharakisha upo, na pesa huwa zinapatikana. Mimi naulizia boti mbili, watu wanane kwa zamu, na orodha ya majina ya zamu hiyo ubandikwe pale wanapokaa abiria wakisubiri, kama vile zahanati wanavyobandika daktari wa leo ni nani. Nataka niwe nasubiri feri nisome: leo, saa nane hadi saa nne usiku, uokoaji uko mikononi mwa fulani, simu yake hii. Si ili nimpigie. Ili yeye ajue ninajua.

Na nataka wanaokagua milango ya feri waweke matokeo mahali tunapoyaona. Kila matatu ya Bamburi ina kibandiko cha ukaguzi na cha bima kiooni, na askari anaweza kuisimamisha kwa kibandiko kilichochakaa. Feri inabeba matatu yenyewe, na malori, na sisi. Kibandiko chake kiko wapi?

Kuna kitu cha mwisho na hiki ni cha sisi tunaotengeneza maudhui, tusijifanye hatumo. Kila Septemba 29 ikifika, mtu ataitoa tena ile video, ataiwekea muziki wa huzuni, ataandika "usisahau kulike." Nimeona moja ina watazamaji wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti mimi. Imehesabu siku 13. Imeonyesha crane, imeonyesha gari linavyotoka maji yakichuruzika. Kuopoa tena, kwa mara ya mia. Yule mtoto leo angekuwa anamaliza shule ya msingi, na kitu pekee ambacho mtandao umemwekea ni sekunde zake za mwisho.

Mimi natafuta kitu kingine, na ndiyo maana hasa nimeandika. Kama ulikuwa ndani ya MV Harambee jioni ile, au ulikuwa upande wa kisiwa unangoja ifike, au babako alikuwepo, au unamjua konda au muuza njugu aliyekuwepo, niandikie inboksi. Video usinitumie. Nataka unieleze baada ya gari kuingia majini ulisikia nani akitoa amri, na alisema nini. Kama king'ora kililia, kililia saa ngapi. Kama kuna aliyekimbilia boya, alilipata wapi, au alikuta pamefungwa kufuli. Jina lako sitaliweka popote. Nimeshapata watu wawili, na mpaka sasa wananiambia dakika tofauti.